"Hiyo Katundike Ukutani": Namna ya Kurusha Gitaa

Wiki hii nimepata ujumbe kutoka kwa kijana mmoja anayefuatilia maandishi yangu. "Shikamoo kaka. Nimesharusha roketi kadhaa ndogo za mchezo, za kununua. Sasa nataka kuunda ya kwangu, yenye umbo la gitaa la umeme. Kila ninayemwambia anacheka. Hivi inawezekana kweli, au napoteza muda?"

Marahaba, mdogo wangu. Inawezekana. Yangu imeruka mwezi uliopita. Ilipanda wima, ikafungua parachuti juu kabisa, ikatua na pembe zake zote mbili. Sentensi hiyo nimeiandika taratibu kwa sababu naipenda.

Kuhusu kuchekwa, karibu chamani. Bwana mmoja mwenye uzoefu wa miaka mingi aliichukua roketi yangu mikononi ikiwa bado haina rangi, akaigeuzageuza, kisha akasema kwa sauti ya kusikika: "Hiyo katundike ukutani." Watu wakaangua kicheko. Sijasahau, wala sitajifanya nimesahau. Kilichoniuma si kicheko. Yule bwana alikuwa na hoja ya kweli, ila hakuona sababu ya kunieleza. Basi ngoja nikueleze wewe.

Hoja yenyewe ni kwamba gitaa la umeme ni bapa. Unajua tayari, kwa sababu umesharusha, kwamba roketi ina sehemu mbili za kuangaliwa. Kuna kitovu cha uzito, pale inapokaa sawa ukiiweka juu ya kidole. Kuna na kitovu cha shinikizo, pale ambapo nguvu zote za hewa zinazoisukuma kwa ubavu huhesabika kama zimekusanyika. Cha uzito lazima kiwe mbele, upande wa pua, na wengi wetu tunadai nafasi isiyopungua kipenyo kimoja cha bomba kati yake na cha shinikizo. Ikiwa hivyo, roketi ikiyumba hewa huirudisha kwenye mstari. Ikiwa kinyume, itageuka angani itafute pa kukimbilia, na huenda pakawa ulipo wewe.

Sasa likamate gitaa kwa fikra, kichwa juu, mwili chini. Ulitazame usoni. Mwili mpana uko nyuma kabisa, mahali ambapo mapezi, vile vibao vya mkiani vinavyoinyoosha roketi, hukaa. Ni kama umepewa mapezi bure! Hapo ndipo wengi hufurahi na kwenda kutafuta gundi. Ligeuze kwa ubavu. Utaona fimbo nyembamba tu. Upande huo hakuna pezi hata moja, na hewa haitakuuliza inakuja kutoka upande gani.

Zile kanuni za James Barrowman za miaka ya 1960, ambazo programu nyingi huzitumia kutafuta kitovu cha shinikizo, zimetungwa kwa roketi ya mviringo yenye mapezi yaliyopangwa kwa ulinganifu. Gitaa halimo humo. Mimi nilirudi kwenye njia ya zamani, ya kadibodi. Chora umbo la roketi yako kwenye kadibodi, likate, uliweke juu ya ukingo wa rula. Linapotulia bila kuanguka ndipo kilipo kitovu cha shinikizo. Njia hii hukionyesha kikiwa mbele kuliko kilivyo wakati wa kuruka, kwa hiyo inakosea kwa upande wa usalama. Kwa gitaa kata maumbo mawili, la uso na la ubavu. Ukiliona lile la ubavu linavyotulia katikati ya shingo, utaelewa kwa nini yule bwana alisema alichosema.

Dawa yake ni mapezi mawili ya plastiki angavu, ile unayoona hadi upande wa pili. Moja linatokea mgongoni mwa gitaa na jingine usoni, yote chini kabisa karibu na injini. Hatua chache tu ukisimama mbali, hayaonekani. Yafanye makubwa kuliko unavyotamani. Kisha kata tena kadibodi ya ubavu ukiwa umeyaongeza, mpaka kitovu kirudi nyuma panapotakiwa.

Kuhusu ukubwa, nisikilize vizuri, maana hapa nilijipongeza mwenyewe. Gitaa la kawaida lina urefu wa karibu mita moja, na shingo yake ina upana wa milimita 42 hivi kule juu na 56 hivi inapokutana na mwili. Ukipunguza kwa nusu unapata 21 na 28. Bomba la kadibodi la milimita 25 kwa nje linaangukia katikati, na ndani yake injini ya kipenyo cha milimita 24 inaingia barabara. Yaani shingo ndiyo roketi. Bomba linashuka kutoka kichwani, linapita katikati ya mwili na kutokea chini na injini yake. Mwili wenyewe ni mabawa mawili ya povu gumu jepesi yaliyogundishwa kulia na kushoto. Anza na shingo, mwili utafuata.

Umbo gani? Ukitaka urahisi, chukua Flying V ya Gibson, iliyotoka mwaka 1958. Pande zake mbili zinalingana na imekaa kimshale tangu ilipozaliwa. Mimi niling'ang'ania lile umbo la pembe mbili zisizolingana, kwa sababu hata mtoto akiliona anajua ni gitaa. Ubishi huo una kazi yake. Pembe moja ni nzito kuliko nyingine, na uzito ukikaa upande mmoja msukumo wa injini hautapita katikati. Ining'inize roketi kwa uzi kutoka katikati ya pua. Bomba likiinama, ongeza plastisini (udongo wa kufinyangia) kidogo kwenye bawa lililo jepesi hadi linyooke. Kingo zote za mbele za pembe zipige msasa ziwe duara.

Kichwa cha gitaa kina faida na hasara. Kwa kuwa nacho ni bapa na kiko mbele, kinavuta kitovu cha shinikizo kwenda juu, kwa hiyo kifanye kidogo kuliko uwiano unavyotaka. Hakuna atakayekipima. Lakini ndani yake ndipo pa kuficha plastisini ya kuongeza uzito wa mbele. Vile vifunguo vya kukazia nyuzi vichonge kwa mti, usiweke chuma.

Halafu nyuzi. Jamani, nyuzi! Parachuti hutoka pale kichwa kinapokutana na shingo, kwa sababu ndipo pua inapochomoka. Ukizitandaza nyuzi kutoka kichwani hadi mwilini, umeifunga roketi yako kwa kamba. Chaji, yaani baruti kidogo ndani ya injini ya kutolea parachuti, italipuka na pua haitakwenda popote. Zianzie chini ya kiungo, uzigundishe kwenye bomba urefu wote, zisipepee.

Injini niliyotumia ni D12-3. Herufi D inamaanisha nguvu ya jumla kati ya newtoni-sekunde 10 na 20, 12 ni wastani wa msukumo kwa newtoni, na 3 ni sekunde za kusubiri kabla ya parachuti kutolewa. Nilichagua kusubiri kufupi kwa sababu gitaa linakamata hewa nyingi, na injini ikizima halichelewi kupoteza kasi. Msukumo uwe angalau mara tano ya uzito, kwa hiyo kwa newtoni 12 usivuke gramu 240 au karibu yake, injini ikiwa ndani. Rangi ina uzito. Gundi ina uzito. Pima kila unapoongeza kitu.

Na hapa nitahubiri kidogo, univumilie. Usijaribu kujitengenezea fueli. Mchezo huu ulianza miaka ya 1950, pale muuza viatu Orville Carlisle wa Nebraska, Marekani, alipobuni roketi ndogo ya karatasi na injini ya kubadilisha, na mwaka 1957 akamtumia mfano G. Harry Stine, mtu wa roketi hasa. Stine aliona mara moja umuhimu wake, kwa kuwa vijana walikuwa wakijaza mabomba ya chuma kemikali na kujiumiza. Sisi tunaocheza leo tunacheza juu ya akili ya watu hao wawili. Anayekuambia injini za kiwandani ni za waoga, mkimbie. Tena mtu wa namna hiyo ndiye wa kwanza kukucheka ukileta gitaa. Wapo watu ambao furaha ya mwenzao huwawasha, na usipojifunza kuwapita utakaa maisha yako yote unaunda roketi za kuwapendeza wao.

Haya, turudi kazini. Kabla ya kurusha, weka injini, kunja parachuti ndani, funga kamba kwenye kitovu cha uzito, uizungushe roketi juu ya kichwa chako mahali peupe. Pua ikiongoza, safi. Fanya hivyo gitaa likiwa limelala, kisha likiwa limesimama kwa ubavu, kwa sababu ile ile ya kadibodi mbili. Ikianza kuzunguka mkia mbele, rudi ukaongeze plastisini au mapezi.

Tumia fimbo nene ya kurushia, ya milimita 6, na kijibomba cha kupitishia fimbo kikae mgongoni, pembeni kidogo ya pezi. Subiri upepo utulie. Ukibaki kidogo, elekeza ubavu wa gitaa kwenye upepo, si uso. Washa kwa umeme ukiwa umbali wa mita 5 au zaidi, na ukibonyeza swichi isiwake, chomoa ufunguo wa usalama, usubiri dakika nzima ndipo usogee.