Mkia wa nguva, lakini si Mzima

Dadangu, ati uvae mkia wa nguva, yule nusu mtu nusu samaki, ukapigwe video chemchemi za Mzima kwa vile maji yake ni meupe kama kioo? Usithubutu! Mzima iko ndani ya hifadhi ya Tsavo Magharibi, na wenyewe pale ni viboko na mamba. Kuna chumba cha vioo kilichozamishwa majini. Humo utaona samaki ukiwa mkavu. (Maji hayohayo huletwa Mombasa kwa bomba, kwa hiyo ukitaka kuyaoga, fungua mfereji.) Wale nguva wa chemchemi unaowaona mtandaoni, wengi ni waigizaji wa chemchemi za Weeki Wachee, Florida, Marekani. Wanacheza tangu 1947, wakivuta pumzi kwa mirija ya hewa.

Wewe anzia bwawani, na mtu akuangalie muda wote, maana miguu ikishafungwa pamoja huwezi kupiga mateke ya kawaida. Baharini ngoja kaskazi, siku za maji mafu, yasipopanda na kushuka sana; kusi huvuruga maji. Chumvi itakunyanyua, basi utahitaji vizito vya kukuzamisha zaidi kuliko bwawani. Mpiga video naye akusogelee sana: maji humeza rangi nyekundu kwanza, na mkia wako ni mwekundu.