Maswali na Majibu: Mama Maria na Wake wa Viongozi

Je, Mama Maria ndiye aliyemzaa Mwalimu Nyerere? (Mwanafunzi, Kahama)

Hapana, ni mkewe. Mamake Mwalimu ni Mgaya wa Nyang'ombe. Swali hili nimelijibu mara nyingi mno. Walimu, waelezeni watoto kwamba "Mama" hapa ni neno la heshima.

Kabla ya kuwa mke wa Rais alifanya kazi gani? (Msomaji, Mwanza)

Ualimu. Alizaliwa Baraki, Mara, mwaka 1930, akasomea kazi hiyo Sumve, huko huko kwenu, kisha akafundisha Nyegina karibu na Musoma. Walifunga ndoa Januari 1953. Mwaka 1955 mumewe aliacha kufundisha Pugu ili aitumikie TANU, na mshahara ukakatika. Katika miaka hiyo ya ukata Mama Maria aliuza mafuta ya taa dukani, Dar es Salaam. Tukiwahesabu waliopigania uhuru tunawataja waliosimama jukwaani, lakini aliyewatafutia watoto chakula baba akiwa safarini hatumtaji. Hiyo ni dhuluma, na nitaisema kila nikipata nafasi.

Ni kweli Azimio la Arusha lilimnyang'anya kuku wake? (Msomaji, Morogoro)

Hakunyang'anywa. Azimio la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, mishahara miwili au nyumba za kupangisha. Tena lilitamka wazi kwamba kiongozi ni mtu na mkewe, au mwanamke na mumewe. Mama Maria alikuwa na mradi wa kuku, akautoa kwa kijiji cha ushirika. Fikirini uzito wake: jasho lake mwenyewe, kwa ajili ya cheo ambacho si yeye aliyekiomba.

Miiko hiyo ililegezwa nchi nzima na Azimio la Zanzibar la mwaka 1991. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 bado inamtaka kiongozi ataje mali za mwenzi wake, lakini kutaja si kukatazwa. Mimi nasema miiko irudi, na imbane mwenzi kama zamani. Mnaposikia tenda ya halmashauri imekwenda kwa kampuni ya mke wa mkubwa, msinyamaze.

Mke wa Rais akianzisha taasisi anakosea? (Msomaji, Mtwara)

Kuanzisha si kosa. Mama Anna Mkapa alianzisha Mfuko wa Fursa Sawa kwa Wote mwaka 1997 kuwainua wanawake wenye biashara ndogo. WAMA (Wanawake na Maendeleo), taasisi ya Mama Salma Kikwete ya 2006, iliwapatia wasichana shule kule Rufiji, na wapo waliookolewa na shule ile. Hofu yangu ni kwa wachangiaji. Mfanyabiashara anayetoa mamilioni wakati mume yuko Ikulu, anampa msichana wa Rufiji au anaipa Ikulu? Katiba yetu haina cheo cha mke wa Rais na hakuna aliyempigia kura, kwa hiyo hesabu za taasisi yake ziwekwe hadharani kila mwaka. Mama Salma baadaye aligombea ubunge Mchinga, mwaka 2020. Hiyo ndiyo njia ninayoiheshimu zaidi, kwa sababu mwenye kura anaweza kukuuliza.

Mbali na wake wa marais, tumsome nani? (Msomaji, Tanga)

Sofia Kawawa, mke wa Mzee Rashidi Kawawa, waziri mkuu wa zamani, na kiongozi wa UWT, jumuiya ya wanawake ya CCM. Mwaka 1988 alitaka sheria za ndoa, mitala ikiwemo, zitazamwe upya. Zanzibar watu waliandamana kumpinga, na damu ikamwagika. Uwe upande wake au usiwe, yule hakusubiri mumewe amsemee.