Vijana wa gereji, kabla hamjasema "hiyo ina wenyewe"

Juzi asubuhi aliingia dereva wa teksi ya mtandao, gari lake limefungwa mfumo wa gesi, linazima kila likifika kwenye foleni. Kijana wangu mmoja, mkali kweli wa EFI, injini zinazopuliziwa mafuta kwa kompyuta, akafungua buti, akaona mtungi, akaenda kufunga boneti. "Mimi fundi wa petroli, kaka. Gesi ina wenyewe." Dereva akaondoka. Nikakaa kimya hadi jioni, maana maneno hayo nimewahi kuyasema mimi, na yaliniumiza. Ndiyo maana naandika, kwa wa kwangu na kwa saidia fundi yeyote anayeanza kazi.

1. Mashine ya kupimia gari inasoma, haitengenezi. Ikitoa kodi ya P0171 inakwambia mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta, basi. Haijakutuma kwenye maduka ya vipuri Gerezani kununua oksijeni sensa. Wiki hii tu kijana kanunulisha mteja sensa mbili, kumbe mpira wa hewa umechanika kwa chini, unaona ufa ukiubinya. Jamani, binyeni mpira kwanza! Na sensa ya hewa ina waya mwembamba kama unywele: brashi na kompresa viwe mbali nayo.

2. Soma dipstiki, kijiti cha kupimia oili, kabla hujamimina chochote. Hapa naomba mnivumilie.

Mwaka 2011 nilikuwa na miaka kumi na miwili kwenye kazi, Ilala nzima wananiita fundi. Nilikulia kwenye kabureta. EFI ilipoenea niliing'ang'ania mpaka ikanikubali, nikaona basi, nimemaliza kujifunza. Akaja mwalimu mmoja wa sekondari, mama mtu mzima, na gari dogo alilolinunua kwa mkopo wa mshahara. Alitaka sevisi tu. Nikamwaga oili ya giaboksi, nikachukua ATF, oili ya otomatiki ya kawaida, niliyokuwa naitumia kwa kila otomatiki, nikaanza kumimina.

Nilikuwa na dogo wa miaka kumi na tisa, mpole, muda wote yuko na simu yake anasoma mambo ya magari. Akasogea, akaniambia kwa sauti ya chini ili wateja wasisikie: "Fundi, wakati naliingiza hili gari halikuwa linakata gia. Na dipstiki imeandikwa CVT." Nilisikia vizuri. Nilijua pia kwamba sijui CVT ni nini. Lakini kulikuwa na wateja watatu kwenye benchi, na mimi ndiye fundi. Nikamjibu, "Shika tochi, nyamaza." Akashika tochi. Akanimulikia mpaka nikamaliza lita ya mwisho.

CVT ni aina ya giaboksi isiyo na gia za kubadilisha kama otomatiki ya kawaida. Ina mkanda wa chuma unaozunguka puli mbili zinazoubana, na oili yake imetengenezwa ili mkanda ushike bila kuteleza. ATF haikutengenezwa kwa mshiko huo. Wiki ya pili mwalimu alirudi, injini inalia juu lakini gari haliendi, likianza kutembea linatetemeka. Niliposhusha sampo, bakuli la oili chini ya giaboksi, sumaku zilikuwa zimevaa unga wa chuma kama manyoya. Yule mama aliniuliza swali moja tu: "Fundi, ulikuwa unalijua hili gari?" Nikamwambia hapana. Nilitafuta giaboksi nyingine iliyotumika, nikauza mashine yangu ya kuchomelea kuilipia, na yeye akapanda daladala mwezi mzima huku mkopo unaendelea kukatwa.

Hasara ya pesa niliilipa. Kinachonirudia hadi leo ni dogo mwenye tochi, mkono wake haukutikisika, na alikuwa anajua.

3. Mwombe aliyekuzidi akufundishe, hata kama wewe ndiye unayempa nauli. Jumatatu iliyofuata nilimwita dogo, nikamwambia nimekosa, nikamwomba anioneshe alikokuwa anasoma. Jioni baada ya kufunga tukawa tunakaa juu ya tairi, ananifundisha. Oili za NS-2 na NS-3 ni za CVT za Nissan. TC na FE ni za CVT za Toyota. T-IV na WS ni ATF, usizichanganye. Mara tatu za kwanza niliona aibu, kifua kinabana. Ya nne nilikuwa nasubiri jioni ifike. Baadaye nilikwenda chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe kusomea umeme wa magari, nikakaa dawati moja na watoto wa umri wa mwanangu. Nilikuwa nikidhani nikirudi kuwa mwanafunzi ile miaka kumi na miwili itafutika. Haikufutika. Masikio yangu yaliyozoea kabureta ndiyo yanayosikia leo koili inayokosa moto kabla mashine haijachomekwa.

4. Haibridi, gari la petroli na umeme: nyaya za rangi ya chungwa usiziguse hujafundishwa. Betri ya Toyota Prius inapita volti 200.

5. Gesi sasa. Mtungi wa CNG, yaani gesi asilia iliyoshindiliwa, hujazwa hadi baa 200 hivi, kwa hiyo upande wa shinikizo kubwa mwachie aliyesomea, na wewe panga kwenda kusoma. Chuo cha teknolojia cha DIT wanafunga mifumo hii hapa hapa Dar. Lakini wewe uliyemwacha dereva wa juzi aondoke, injini ni ile ile unayoijua. Ungebonyeza swichi gari lirudi petroli, uone kama bado linazima. Kama petroli linatulia na gesi linazima, fungua plagi uziangalie, maana gesi inadai cheche yenye nguvu zaidi, na plagi iliyochoka huanza kukuaibisha kwenye gesi. Hayo yote ulikuwa nayo mkononi ulipofunga boneti.

Nimempigia yule dereva, anarudi Jumamosi saa mbili. Njoo saa moja na nusu na spana yako ya plagi. Utafungua wewe, tochi nitashika mimi.