Mnaokadiria bei ya mafuta, njooni niwaambie

Juzi kijana wetu wa mafunzo kaniletea jedwali: bei ya dizeli hadi 2030, inateremka polepole, haina hata kigongo. Namuuliza inashuka kwa nini, ananijibu, "Mzee, si dunia inahamia kwenye jua?" Nikakosa la kusema. Maneno hayo niliwahi kuyaandika mimi, kwa mkono wangu, kwenye dokezo.

1. Bei kikomo ya EWURA, wadhibiti wa nishati na maji Tanzania, ya Jumatano ya kwanza ya mwezi ni ya mzigo ulionunuliwa zamani. Usiipime kwa Brent, bei ya mafuta ghafi ya soko la dunia, ya asubuhi hiyo.

2. Sera ya tabianchi haisukumi bei upande mmoja. Hapa ndipo nilipozama. Mei 2021 Shirika la Kimataifa la Nishati lilisema dunia ikitaka kufikia sifuri halisi 2050, yaani isibakize hewa chafu ya ziada angani, haihitaji kuidhinisha maeneo mapya ya kuchimba mafuta na gesi. Nikaruka hiyo "ikitaka". Tulikuwa tunagawa OC, fedha za matumizi ya kawaida ya ofisi, ya 2021/22, nikaandika: mahitaji yatapungua, bei itashuka, kasma ya mafuta, yaani fungu lake la bajeti, isiguswe.

Sikujiuliza mwenye kisima cha mafuta atafanya nini. Akihofia kufungiwa kesho, huenda akachimba mbio auze leo, bei ikaanguka. Au mabenki yakamkimbia, asichimbe, na magari bado yanakunywa vilevile, bei ikapaa. Hofu ileile moja. Bomba la mafuta ghafi la Hoima, Uganda, hadi Tanga, kilomita 1,443, linapita mkoani kwetu hapa Dodoma, na benki kubwa kadhaa zililikataa. Tena sera yenyewe haitulii: Marekani ilitoka Mkataba wa Paris wa tabianchi 2020, ikarudi 2021, Januari 2025 ikaagiza kutoka tena. Wewe mwenye kisima cha miaka ishirini, ushike lipi?

Februari 2022 Urusi ikaivamia Ukraine. Vita sikuiota, sawa. Lakini dokezo langu lilikuwa na bei moja tu, kama vile nimeshushiwa. Kufika Mei lita ya petroli Dodoma imepita shilingi 3,000, kasma imekauka, Land Cruiser mbili zimelala chini ya mwarobaini na kuku wa mlinzi wanaoga vumbi kati ya magurudumu. Ukaguzi wa Kondoa tulikwenda kwa basi. Mkurugenzi kakaa viti viwili mbele yangu, faili mapajani, na hakugeuka hadi tunashuka stendi. Angenigombeza ningepona. Dereva wetu, aliyebaki bila safari, ndiye aliyeniuliza mbele ya watu: "Afisa mipango, lile gari la jua linafika lini?" Tangu siku hiyo naitwa Bwana Sola.

3. Andika bei tatu: ya chini, ya kati, ya juu. Na ya juu ikutishe kidogo.

4. Tarehe za vikao vya OPEC+, umoja wa nchi zinazouza mafuta, na COP, mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa, ziwe kwenye kalenda yako, pembeni ya tarehe ya mshahara.

Kijana nimemrudishia jedwali lake. Jioni nikamwona maegeshoni na dereva yuleyule, wamekumbatia matumbo kwa kucheka. Waliponiona wakanyamaza.