Funga bomba, ufunge bomba

SWALI: Msomaji wa Morogoro anabadilisha mwenyewe koki ya jikoni. Maelezo anayoyafuata yanasema: "Funga bomba kabla ya kufunga bomba jipya." Anauliza: hicho ni Kiswahili au kitendawili?

JIBU: Vyote viwili, ndugu yangu. Wengi watamshika "funga", na watakuwa wamemwonea. Tunafunga mlango, ndoa, saumu, safari na bao, na sijasikia bwana harusi aliyekwenda na komeo. Fundi naye hufunga tanki, mita na taa, yaani huweka kitu mahali pake kikakaza. Ukiona utata, andika "funga maji", maana maji hayakazwi kwa spana. Basi, tumwache.

Mkosaji ni "bomba". Kwa Kireno, tulikolitoa, ni pampu, na maana hiyo bado unaiona kwenye bomba la sindano. Likawa neli, likawa koki, likaingia bafuni likaitwa bomba la mvua, likapanda paani likawa bomba la moshi, na siku hizi vijana wana simu bomba. Simu sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu uko jikoni, kwenye sentensi kama hii: "Bomba likidondosha, funga bomba, fungua bomba maji yaishe bombani, kisha fungua bomba ubadilishe raba."

Mabomba matano! Na hizo "fungua bomba" mbili hazifanani hata kidogo. Ya kwanza ni kuzungusha mpini kwa mkono ili maji yaliyobaki yatoke. Ya pili ni kufungua kichwa cha koki kwa spana malaya (ile inayobana nati za kila saizi; jina si langu, mlalamikie muuza vifaa), huku mkono mwingine umeshikilia kiwiliwili cha koki kisizunguke. Kichwa kikitoka, unakuta raba iliyolika chini ya shina lake. Unaweka nyingine ya kipimo kilekile, kwa kawaida ya koki ya nusu inchi. Papasa pia kikalio cha shaba inapokaa raba. Kikiwa na makovu, raba mpya nayo itaanza kudondosha baada ya siku chache.

Sasa mpe maelezo yale mtu asiyejua. Ataelewa kwamba "fungua bomba" ni kung'oa koki nzima ukutani. Ataizungusha kwa nguvu, nayo itazunguka pamoja na kiwiko cha plastiki kilichofukiwa kwenye plasta. Kiwiko kitapasuka uzi, yaani ile mikato ya kukazia iliyo ndani yake. Alikuwa na tone moja kwenye sinki. Sasa ana maji nyuma ya vigae, na neno moja limemgharimu kuvunja ukuta.

Wakenya wengi wanaiita koki "mfereji". Mfereji huchimbwa kwa jembe, lakini nawasamehe, kwa kuwa angalau hawauchanganyi na neli. Wapo pia wanaotaka turudi kwenye "bilula". Neno zuri, limo kamusini. Kaombe bilula ya nusu inchi duka la vifaa vya ujenzi uone utakavyotazamwa.

Kwa hiyo hukumu yangu: bomba ni lile linalopitisha maji. Kinachoyafungua na kuyazuia mwishoni ni koki, na kinachoyazuia njiani, karibu na mita au chini ya tanki, ni valvu. Sentensi yako isomeke: "Funga valvu kabla ya kufunga koki mpya." Na maadamu unafunga koki nzima, zungushia uzi wake tepu nyeupe ya mafundi bomba mara nane hadi kumi, ukifuata mwelekeo wa saa huku ncha ya uzi ikikutazama. Ukizungusha kinyume, tepu itajikunja na kutoka unapokaza.

Fundi akija na kukwambia "bomba limekwisha", muulize kwanza ni lipi, kisha kama limekamilika au limekufa, kabla hujatoa pochi.