Anzeni na sanduku la slaidi

Nafundisha maabara kwa mwaka wa 14 sasa, na miaka 6 ya hivi karibuni naratibu utafiti wa vyuo vitano vya afya vya Kanda ya Ziwa vilivyoamua kushirikiana. Wakufunzi wenzangu wa mikoa mingine hunipigia simu: mlianzia wapi, mfadhili mlimpataje? Huwa nawajibu kwamba mfadhili ni wa baadaye.

Mwaka wa kwanza tulitaka kupima vimelea vya malaria kwa watoto wa shule, kabla na baada ya masika. Andiko lilikuwa zuri, nililiandika usiku na mchana. Kabla hatujatoka kwenda shuleni, mama mmoja, mkufunzi aliyetuzidi sote umri, akasema: "Wanangu, hebu kwanza tuzungushe slaidi zilezile 20, vile vioo vyenye damu ya kusoma kwa hadubini, kila chuo, tuone kama tunasoma kitu kimoja."

Majibu yaliporudi tulinyamaza. Slaidi namba 7: chuo kimoja hakijaona kimelea hata kimoja, cha pili kimeandika 1,920 kwa mikrolita ya damu, cha tatu 4,800. Damu ya mtu yuleyule!

Tukafuatilia. Aliyekosa kabisa alikuwa anachanganya Giemsa, rangi ya kupaka damu ili vimelea vionekane, na maji ya bomba bila kupima pH, yaani kiwango cha uasidi. Inatakiwa iwe 7.2, ikishuka, rangi huegemea wekundu na viini vya vimelea hupauka hadi jicho linavipita. Wale wengine wawili walihesabu vimelea 120 sawasawa, dhidi ya chembe nyeupe za damu 200. Hesabu yake ni 120 mara 8,000 (idadi ya chembe nyeupe inayokadiriwa kwenye mikrolita moja), gawanya kwa 200, unapata 4,800. Mmoja aligawanya kwa 500, kwa sababu ndivyo alivyozoea pale vimelea vinapokuwa vichache. Tungeingia shuleni hivyo, tungeandika kwamba wilaya moja ina malaria kidogo kuliko jirani yake, na dawa zingepangwa kwa kufuata uongo wetu.

Tulitumia miezi mitatu kurekebisha. Sanduku la mbao lilisafiri kwa basi, kila slaidi ikasomwa na watu wawili wasioonana majibu, wakipishana sana anaitwa wa tatu. Gharama ilikuwa nauli ya kifurushi na chupa za mafuta ya lenzi ya hadubini inayokuza mara 100. Ndiyo maana nasema msikimbilie mashine ya PCR, inayotafuta vinasaba vya kimelea kwenye damu. Mashine inataka umeme usiokatika, friza, vitendanishi kila mwezi na fundi anayefika akiitwa.

Jambo linaloniuma zaidi ni nafasi ya vyuo vidogo. Tuliwahi kushirikiana na taasisi kubwa, tukachukua sampuli kwa mvua na matope, na makala ilipotoka hapakuwa na jina hata moja la kwetu. Wanafunzi wangu waliniuliza, sikuwa na la kuwaambia. Tangu siku hiyo hatutoi tone la damu kabla ya kusaini nani atachambua takwimu, nani ataandika, na sampuli zitahifadhiwa wapi. Maabara ya utafiti ya Ifakara, mkoani Morogoro, ilianzishwa na Waswisi miaka ya 1950, lakini mwaka 1961 palikuwa tayari na kituo cha kufundisha watumishi wa afya wa vijijini palepale. Leo ni taasisi ya Kitanzania inayoheshimika duniani. Ushirikiano usiofundisha wenyeji huondoka na wageni wake.

Kibali cha maadili kiombeni mapema NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na fomu ya ridhaa iandikwe kwa Kiswahili ambacho mzazi ataelewa. Mkuu wa chuo naye mwombeni saa za utafiti ziingie kwenye ratiba. Mkufunzi mwenye vipindi 30 kwa wiki hawezi kutafiti, hata apewe semina ngapi.

Sanduku lenu la kwanza liwe na slaidi 20: nane zisizo na vimelea, sita zenye vimelea vichache, nne zenye vingi, na mbili za damu ya slaidi zilizotangulia, zenye namba tofauti, ili mwone kama msomaji anakubaliana na nafsi yake. Karatasi ya majibu akae nayo mtu mmoja asiyesoma slaidi. Namba ziandikeni kwa penseli kwenye ncha ya slaidi yenye kioo kilichokwaruzwa, kwa sababu wino wa kalamu hufutika kwenye methanoli, spiriti ya kukazia damu kwenye kioo.