Ukitaka Kwenda Mwalo wa Kibirizi, Tazama Mwezi Kwanza

Wageni wengi wanaoniomba niwapeleke Kibirizi, mwalo wa wavuvi hapa Kigoma, huwa wamekwisha kupanga siku kwa kufuata likizo zao, ilhali jambo la kwanza la kutazama ni mwezi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa mwanga, zamani wa karabai na siku hizi zaidi wa taa za sola, na mbalamwezi inapokuwa kali taa hizo hupoteza nguvu ya kuvuta samaki, hivyo mitumbwi hubaki ufukoni na vichanja vya kuanikia dagaa huwa vitupu. Nenda siku za giza. Uliza pia kama ziwa limefunguliwa, maana mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane.

Uwe mwaloni alfajiri, mitumbwi inaporudi. Bei hupatanwa papo hapo, na mgeni anayesimama na kamera katikati ya wachuuzi ni kero tu. Kaa pembeni mpaka mabeseni yaondoke, kisha uwafuate kina mama kwenye vichanja, ambako mimi hukaa muda mrefu kuliko popote. Kichanja ni meza ya wavu iliyoinuliwa juu ya nguzo za miti ili hewa ipite juu na chini. Dagaa waliotandazwa hapo hukauka wakiwa safi, tofauti na walioanikwa chini, ambao hata ukiwaosha mara tatu bado utausikia mchanga menoni. Kwa hiyo ukitajiwa bei ya juu kidogo usidhani unaonewa. Chukua mmoja umvunje: aliyekauka huvunjika mara moja, lakini anayepinda bado ana maji, na ukimfunga kwenye mfuko ataota ukungu kabla treni haijakufikisha mbali. Wakati wa mvua, jua likiwa la kubahatisha, nunua kidogo.

Ruhusa ya kupiga picha iombe kwa mama mwenye kichanja, baada ya shikamoo, wala si kwa kijana anayejitolea kumsemea. Pesa ya kuwagawia watoto iache mfukoni. Afadhali ununue dagaa kwa mama huyo bila kumkaba sana bei.

Boti za abiria za kwenda vijiji vya kaskazini, upande wa Hifadhi ya Gombe, huondokea hapo hapo Kibirizi, kwa hiyo anayetaka kuendelea na safari hana haja ya kurudi mjini.